Shajara ya mradi: wanaorudi CTC, kliniki ya VVU, wakiwa hoi (Dodoma, Oktoba 2024 – Juni 2025)

Oktoba, wiki ya kwanza

Tumeanza. Hospitali yetu ya wilaya ndiyo kituo mama. Vituo vya afya na zahanati chache, baadhi upande wa Bahi na baadhi kandokando ya barabara ya Morogoro, zitakuwa zinatuletea sampuli na wagonjwa. Kazi yenyewe inaelezeka kwa sentensi moja: mtu mwenye VVU ambaye ugonjwa umeshafika hatua ya juu atambuliwe na kutibiwa kabla hajatufia mkononi. Kwa mtu mzima na kijana, hatua ya juu ni CD4, yaani idadi ya chembe za kinga kwenye damu, chini ya 200, au dalili za hatua ya tatu au ya nne katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayegundulika leo anaingia humo moja kwa moja, hakuna kusubiri CD4.

Kinachotakiwa kufanyika kimo kwenye miongozo ya Shirika hilo tangu 2017: CD4, kipimo cha mkojo cha TB (LAM), kipimo cha damu cha kriptokoka, fangasi anayeshambulia ubongo (CrAg), septrini, dawa ya kukinga TB kwa asiye na TB, na kumfuatilia mgonjwa kwa karibu wiki za mwanzo. Kwenye semina hakuna aliyebisha. Wakati wa chai nikauliza pale mezani nani ameomba CD4 mwaka huu. Tabibu mmoja kijana akacheka, akasema yeye CD4 anaijua ya kwenye mtihani.

Simlaumu. Tangu 2016 nchi ilipohamia kwenye pima na tibu, CD4 haikuwa tena ruhusa ya kuanza dawa. Nguvu zote zikaenda kwenye wingi wa virusi, na mashine ya CD4 ikafunikwa kitambaa. Lakini wingi wa virusi unakuonyesha kama dawa inafanya kazi, haukuonyeshi huyu aliyekaa mbele yako leo amebakiwa na kinga kiasi gani. Vijana wetu wengi wameajiriwa wakati mgonjwa wa CTC ni mtu mwenye afya anayekuja kuchukua dawa za miezi sita na kuwahi daladala. Sista wetu mkubwa alikuwepo kabla ya 2004, kabla mpango wa taifa wa kutoa dawa bure haujaanza. Huyo akimwona mtu anashika ukuta koridoni, anainuka kabla hajaambiwa.

Oktoba, mwishoni

Tumepitia rejista na mafaili ya waliolazwa. Sote tulitegemea kukuta watu wapya, waliochelewa kupima. Wapo, tena nchi bado ina kazi ya kuwafikia: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kuwa kati ya watu wazima wenye VVU, karibu mmoja kati ya sita hakuwa anajua hali yake. Ila kwenye mafaili yetu safu ya "aliwahi kutumia ARV" ilikuwa imejaa alama ya ndiyo, ukurasa baada ya ukurasa. Hawa ni watu wetu. Tuliwaanzishia dawa sisi, wakaondoka, wakarudi wakiwa hoi.

Sababu waliandika washauri pembeni, kwa kalamu: alikwenda vibarua vya mahindi Kiteto, akakaa msimu mzima. Aliolewa, mume hajui. Njaa, dawa zilimsumbua tumbo tupu. Aliombewa. Alijisikia mzima.

Hiyo ya mwisho ndiyo nyingi.

Novemba, wiki ya pili

Nimekaa mapokezi asubuhi nzima bila koti la kazi, kwenye benchi la wagonjwa. Ningeshauri kila mratibu afanye hivyo kabla ya kuomba vitendanishi.

Akaja mama mmoja kutoka upande wa Bahi, amejifunga khanga mbili na bado anatetemeka, na Dodoma ya Novemba mnaijua joto lake. Dirishani akaulizwa kadi. Hana, ilipotea. Namba ya CTC? Haikumbuki. Barua ya uhamisho? Hakuhama, aliacha tu. Basi asubiri faili litafutwe. Faili halikuonekana. Akaambiwa akaonane na mshauri, na mshauri alikuwa na watu. Alipomfikia, swali la kwanza likawa, "Mama, ulikuwa wapi muda wote huu?" Likaulizwa kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia. Alichojibu ni "Nisamehe, sista." Saa saba mchana akaambiwa maabara imeshafunga kupokea sampuli, aje Alhamisi.

Nilisimama hapo, nikajitambulisha, na mama alilazwa siku ileile. Lakini mradi hauwezi kuishi kwa mratibu kukaa benchi. Kipimo cha CrAg kinatoa jibu kwa dakika kumi, cha LAM kwa dakika ishirini na tano, na mgonjwa wetu alipoteza saa tano kabla hata ya kufika kwenye kipimo. Kazi yetu ya kwanza ni huo muda.

Novemba, wiki ya nne

Tumeweka meza mlangoni, kabla ya dirisha la mafaili. Anakaa muuguzi mmoja pamoja na mmoja wa WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao. Maswali ni matatu, yanaulizwa kwa sauti ya chini: umekaa bila dawa muda mrefu? Umekonda, una homa au kikohozi? Kichwa kinakuuma? Ndiyo moja inatosha. Anapimwa joto, uzito na kupumua palepale, anapewa kopo la mkojo, anapita mbele ya foleni. Faili litamfuata likionekana, lisipoonekana linafunguliwa jipya la muda.

Ubishi ulikuwa mkali kuliko nilivyodhani. Hoja ya upande wa pili ina uzito wake: wapo watu hawajawahi kukosa tarehe hata moja miaka kumi, wanakaa foleni, halafu mtoro anapitishwa mbele. Unawafundisha nini? Mmoja akasema wazi kwamba tunazawadia utoro. Sista mkubwa akamjibu kuwa anayekuja kwa tarehe leo ataondoka hapa kwa miguu yake, na akataka tukubaliane kwanza kama huyu mwingine naye tunataka aondoke kwa miguu. Hatukupiga kura. Meza ikabaki.

Neno "mtoro" tumeomba lisitamkwe mlangoni. Kwenye fomu bado lipo, fomu si zetu.

Desemba

Mwezi wa mkojo.

Kwa mtu aliyeishiwa kinga, makohozi mara nyingi hayatoki, na yakitoka wadudu ni wachache. TB yake inaweza kuwa imesambaa mwilini bila hata kikohozi cha maana. LAM inatafuta kipande cha ukuta wa bakteria kinachopita kwenye mkojo, na inafanya kazi vizuri zaidi kwa wale hasa ambao kinga imeshuka sana. Matone ya mikrolita 60 kwenye kitepe, unasubiri, unalinganisha mstari na kadi ya rangi. Kwa maelezo ni rahisi mno.

Ugumu wa kwanza ulikuwa choo. Choo cha CTC kilikuwa kimefungwa kwa kufuli kwa sababu hakina maji, na kile kingine kiko nyuma ya jengo la wazazi. Unampa kopo mtu anayeshindwa kusimama, unamwambia azunguke jengo. Tukapata ndoo yenye koki, mlinzi akatoa ufunguo, na mhudumu wa usafi akakubali kuongeza choo hicho kwenye zamu yake. Naandika haya kwa sababu kwenye ripoti ya robo mwaka hayatakuwa na safu yake.

Ugumu wa pili: maabara walitaka kitepe kisomwe kwao tu. Wana haki, ubora wa vipimo ni dhamana yao. Lakini mkojo ukienda maabara unaingia kwenye foleni ya mikojo mingine, jibu linarudi kesho, na mgonjwa kesho hayupo. Tulikubaliana kitepe kisomwe CTC na wauguzi waliofunzwa, na mteknolojia awe anapita kuhakiki. Mstari hafifu ndio unaoleta ugomvi. Mmoja anauona, mwingine anasema ni kivuli. Kadi ya kulinganishia imefungwa kwa uzi kwenye meza ili isipotee, na kusoma ni karibu na dirisha, si chini ya ile taa inayopepesa.

Baba mmoja alikataa katakata. "Sista, mimi nakohoa. Mkojo wa nini?" Mshauri wetu, naye ni mtu wa Kigogo, akamsalimia upya kwa lugha ya kwao, "mbukwenyi", akakaa naye chini. Sikuelewa yote waliyozungumza. Mkojo ulipatikana, LAM ikawa chanya, dawa za TB akaanza jioni ile bila kusubiri majibu ya makohozi.

Kwa wenzetu wanaosoma hapa: LAM hasi haimwondolei mtu TB. Makohozi bado yaende kwenye GeneXpert, ile mashine ya kupima TB.

Januari 2025

Mvua. Korongo la njia ya zahanati mbili limejaa, bodaboda wa sampuli amekwama mara kwa mara. Zahanati hizo sasa tumezipa kile kitepe cha CD4 kisichohitaji mashine: damu ya kidole, dakika arobaini, kinakuambia uko juu ya 200 au chini. Hakitoi namba. Matabibu wanalalamika hawana namba ya kuandika kwenye faili. Nawaambia uamuzi wa leo hauhitaji namba.

Mwisho wa mwezi barua ilifika ya kusimamisha kazi zote zinazolipiwa na mfadhili. Nani wanalipwa na mfadhili? Washauri, nauli za kutembelea nyumbani, na mafuta ya pikipiki.

Februari

Wiki ya kwanza tulijua kipi tulikijenga juu ya mwajiriwa wa halmashauri na kipi juu ya posho. Meza ya mlangoni iliendelea, maana muuguzi yuko kwenye mshahara wa serikali. Kuwafuata watu nyumbani kulikatika siku hiyohiyo. Mshauri mmoja alirudi kuuza zabibu stendi, ni msimu wake, na sina la kumwambia. Wengine wawili wanakuja Jumanne na Alhamisi kwa kujitolea. Tumepata nauli kidogo kutoka mapato ya hospitali baada ya kikao kirefu ambacho sitaki kukiandika.

Sasa lililo kubwa zaidi mwezi huu.

Aliletwa kijana wa kiume, mkulima wa mpunga kutoka Bahi, ameongozwa na mdogo wake kwa kushikwa bega. Kichwa kilianza kuuma kabla ya Krismasi. Duka la dawa muhimu walimpa dawa mseto ya malaria. Zahanati walimpima malaria, hana, wakampa dawa mseto tena. Mezani alijibu ndiyo kwa maswali yote matatu, ingawa lile la kwanza alilijibia mdogo wake. CD4 ilikuwa chini sana. Hapa niseme jambo moja tulilobadilisha Desemba ambalo limelipa: CD4 ikisoma chini ya 200, maabara inapima CrAg kwa damu ileile iliyobaki, bila kusubiri fomu ya pili. Chanya.

Kilichofuata ni kuchukua maji ya uti wa mgongo, na hapo ndipo familia ilipokataa. Mjomba alisema kila anayechomwa mgongo hospitali hii harudi. Ukiangalia historia, hajadanganya: kwa miaka mingi tuliwachoma wakiwa wa kufa, wakafa, na sindano ndiyo iliyobeba lawama. Sista mkubwa hakubishana naye. Alimweleza kwamba fangasi wamezuia maji yasizunguke, maji yamejaa ndani ya fuvu na hayana pa kutokea, kwa hiyo sindano hii haileti ugonjwa, inamtua mzigo. Akamwalika mjomba asimame chumbani aone.

Kifaa cha kupimia mgandamizo hatuna. Tabibu alitumia mpira wa dripu ulioinuliwa wima na rula ya shule. Maji yalipanda hadi sentimita 38, wakati mtu mzima hatakiwi kuvuka 20. Wakayatoa taratibu hadi yakashuka. Jioni kijana alifungua macho akaomba uji, na mjomba ndiye aliyekwenda kuununua.

Matibabu ni yale yaliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022: amfoterisini ya liposomu dozi moja tu, miligramu 10 kwa kila kilo, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku kumi na nne, zote dawa za fangasi. Wakongwe mnakumbuka amfoterisini ya zamani, dripu ya kila siku, mgonjwa anatetemeka kitanda kinagonga ukuta, potasiamu inashuka na figo zinagoma. Hii ni siku moja. Kijana alikuwa na kilo 42, kwa hiyo miligramu 420, vichupa tisa vya 50, ambavyo tuliazima hospitali ya rufaa. Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa ameshika chupa ya maji ya chumvi tayari kuchanganyia, kwa mazoea, mfamasia akamzuia mlangoni. Dawa hii inachanganywa na dekstrosi, maji ya sukari, ya asilimia 5 tu. Ikikutana na chumvi inaganda. Chumvi ina kazi yake kabla, kulinda figo, halafu mpira unasafishwa kwa dekstrosi ndipo dawa ipite. Sasa imeandikwa kwa maandishi makubwa kwenye kabati la dawa.

Flusitosini ni kila baada ya saa sita, kwake vidonge viwili viwili. Maana yake kuna dozi ya saa sita usiku na ya saa kumi na mbili alfajiri, kwenye wodi yenye muuguzi mmoja wa usiku. Mdogo mtu aliweka kengele kwenye simu na alikuwa anamwamsha nesi. Bila yeye sijui.

Machi

Kijana yuko nyumbani anaendelea na flukonazoli hata baada ya zile siku kumi na nne, ili fangasi wasirudi. ARV hajarudishiwa bado, na hili limezua maneno. Sisi wenyewe tumefundishwa miaka yote kuanzisha dawa siku hiyohiyo, na kwa watu wengi ndivyo ilivyo sahihi. Mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka anasubiri wiki nne hadi sita, maana kinga ikiamka ghafla inapigana ndani ya ubongo uliovimba na inaweza kumuua. Mdogo wake alituuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa na jibu fupi: "Mlisema ameumwa kwa kuacha dawa. Mbona sasa mnamnyima?" Tulichukua nusu saa. Wahudumu wapya wote sasa wanajifunza kumjibu huyo mdogo mtu kwanza, dozi baadaye.

Aprili

Kikao cha vifo. Tumekubaliana kisiitwe cha uchunguzi, maana watu huja na barua za kujitetea. Tulisoma faili moja tu, la binti aliyefariki wodini. Damu ilichukuliwa Ijumaa saa nne. Jibu la CD4 lilitoka Ijumaa saa tisa, likaandikwa kwenye kitabu cha majibu. Kitabu kilifunguliwa Jumatatu. Kila mtu alifanya kazi yake kama ilivyoandikwa.

Kuanzia wiki hii maabara ikiona chini ya 200 inapiga simu kabla ya kuandika. Simu ni ya CTC na hukabidhiwa kwa zamu, pamoja na wikendi. Dada wa maabara aliuliza vocha ataweka nani. Swali zuri, limeingia kwenye muhtasari.

Mei

Ukarabati wa choo umekamilika. Dawa za kukinga TB zimepungua, tumeandika maombi ya dharura.

Kuhusu kutembelea nyumbani nimekuwa king'ang'anizi na naomba nieleze kwa nini. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa 2015, uliwachukua watu wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wanaanza dawa. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu walipimwa kriptokoka na kutembelewa na wahudumu wa kawaida wa jamii, wasio wauguzi, kila wiki kwa wiki nne za mwanzo. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Hakukuwa na dawa mpya humo. Kulikuwa na mtu anayebisha hodi, anayeuliza kichwa kinaendeleaje na anayehesabu vidonge. Ukikata kitu kwenye bajeti, hiki kiwe cha mwisho, na mwaka huu kilikuwa cha kwanza.

Kwa sasa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamekubali kuwaingiza wagonjwa wetu kwenye mizunguko yao ya kawaida. Wasiwasi wa wagonjwa ni mmoja: mhudumu huyohuyo ni jirani. Tunamwacha kila mtu achague atembelewe na nani, au apigiwe simu tu.

Juni

Mavuno. Soko la Kibaigwa limeanza kujaa malori, na watu wetu waliokwenda vibarua wanarudi. Ndio wakati meza ya mlangoni itakuwa na kazi nyingi, na ndio wakati wauguzi wawili wameomba likizo.

Kijana wa Bahi ameshaanza tena ARV. Alikuja kwa tarehe yake, akapanga foleni na wengine. Sista mkubwa alimuuliza kichwa vipi, akasema kinauma akifikiria madeni tu.

Yanayobaki kwa robo ijayo: LAM ziingizwe kwenye maombi ya kawaida ya hospitali badala ya kusubiri mradi. Flusitosini ipatikane ngazi ya wilaya, tuache kuazima. Wodi ipate muuguzi wa pili wa usiku, ambalo naliandika kila mwezi na nitaliandika tena. Na mlinzi wa getini ameomba afundishwe yale maswali matatu, maana wanaoletwa na bodaboda usiku hukutana naye kwanza. Tumempangia Jumatatu, baada ya kukabidhi zamu.